Msusi Akiona Chawa, Asitiri au Aseme?



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kila mwenye saluni analijua na hakuna anayelitaja mbele ya wateja. Chawa. Na nieleweke mapema, maana siku hizi ukitamka neno hilo watu wanawafikiria wale wa mjini wanaowaganda mabosi wakiwasifu mpaka jasho linawatoka. Hao wana siku yao. Mie nasema chawa wenyewe, wa kichwani, wenye miguu sita.

Swali langu ni hili. Mteja amekaa kwenye kiti, baibui amelitundika, ushungi ameuvua, nywele amezifungua. Msusi anazigawa kwa mkia wa kichana, anafika nyuma ya sikio, anaona kitu kinatembea. Afanye nini?

Mie si daktari wala si mwalimu wa chuo. Nilimaliza kidato cha nne nikasomea ushoni, sasa nashona na kukodisha nguo za maharusi, na nyuma ya duka nina chumba cha saluni chenye wasusi wawili. Vichwa vya wanawake vinavyopita kwangu kabla ya harusi ni vingi. Kwa hiyo nasema ninayoyaona kazini, na mwenye kujua zaidi anirekebishe.

Saluni zetu zina njia mbili za kumpokea mteja mwenye chawa. Zote mbili hazinipendezi, lakini moja inanikera zaidi, na sio ile mtakayoidhania.

Njia ya kwanza ni kupiga kelele. Niliwahi kukaa saluni ya watu, sitaitaja, katika pirika za Mfungo Mosi. Ndani tumejaa, wengine wanapakwa hina, wengine wapo chini ya draya. Msusi akatupa kichana ndani ya beseni akasema kwa sauti, "Huyu ana chawa, mie simsuki!" Msichana mwenyewe alikuwa biharusi mtarajiwa, na hakuja peke yake. Alikuja na wifi yake, dada wa bwana harusi, waangalie mtindo gani utamkaa. Mtu hakusema neno, lakini chumba kizima kilianza kujikuna. Yule mtoto wa watu alijifunga ushungi juu ya nywele zilizosukwa nusu, akavaa baibui lake akatoka, hata mkoba wake alikimbiliwa nao na mtoto mpaka barabarani. Kabla ya Isha habari ilishazunguka kwenye makundi ya simu ya koo mbili. Sijui harusi iliishia vipi, na sikuuliza. Lakini najua kwamba msichana wa Kiislamu alivua ushungi wake pale kwa sababu aliamini mlango umefungwa.

Njia ya pili ndiyo inayosifiwa. Msusi anaona, ananyamaza. Anasuka haraka haraka, anapokea pesa yake, anasema mashaallah umependeza, anafuta kichana kwenye aproni na kumwita anayefuata. Mwenyewe akipata wa kumsimulia baadae, husifiwa kuwa ana sitara, hakumuaibisha mtu.

Kwangu mie huyu wa pili ndiye mbaya zaidi. Yule wa kwanza alivunja moyo wa mtu mmoja, na dhambi yake anaijua kila aliyekuwepo. Huyu wa kimya amemdhuru mwenye nywele, amewadhuru wateja watano waliokaa baada yake, na amewadhuru watoto wao waliolala nao usiku ule. Na pesa amechukua.

Tuanze na mwenye nywele. Yai la chawa linaanguliwa baada ya siku 7 mpaka 10 hivi. Kitoto kinachotoka kinahitaji kama siku 10 nyingine kukua na kuanza kutaga, na jike mmoja hutaga mayai kadhaa kila siku. Sasa wewe umemsuka vitambo vya kukaa wiki 6. Umewajengea nyumba! Watazaa na kujukuu humo ndani, na mtu hawezi kupitisha kitana kwa sababu nywele zimefumwa. Ataamka usiku kujikuna mpaka ngozi ichubuke, na akija kufumua atakuwa na vidonda. Hiyo ndiyo sitara aliyomfanyia.

Dada zangu, tunalichanganya neno hili. Sitara ni kutomfedhehesha mtu mbele ya watu. Sio kumficha yeye mwenyewe lililo mwilini mwake, wala sio kuwaficha wengine madhara yanayowafuata. Mnaikumbuka hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umaji chini. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Je, alisifiwa kwa kuufunika? Aliulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na tukafundishwa kuwa mwenye kughushi hayumo katika sisi. Msusi anayepitisha kichana kile kile kwenye kichwa cha pili huku anajua alichokiona kwenye cha kwanza, biashara yake ina umaji chini.

Na kuhusu aibu yenyewe, hebu tumtazame sahaba Kaab bin Ujra, Allah amridhie. Mwaka wa 6 wa Hijra Waislamu walikuwa Hudaybiya, wapo katika ihramu, hawaruhusiwi kunyoa wala kukata nywele. Kaab alikuwa na nywele nyingi na chawa walikuwa wakimdondokea usoni. Mtume (S.A.W.) alimwona akamuuliza kama wadudu wale wanamuudhi. Akasema ndiyo. Basi akamwambia anyoe, na atoe fidia: afunge siku tatu, au alishe masikini sita, au achinje mbuzi. Aya ya 196 ya Suratul Baqara inayozungumzia mwenye maudhi kichwani iliteremka kwa sababu yake.

Angalieni jambo lilivyokwenda. Aliulizwa kwanza. Hakutengwa na wenzake, wala hakuachwa aendelee kuumia kwa kuwa jambo ni la aibu. Ameonwa, akaulizwa, akapewa dawa. Na Kaab mwenyewe miaka mingi baadae, akiwa amekaa katika msikiti wa Kufa, aliulizwa kuhusu fidia ile akaisimulia yote, chawa wakiwemo, na akasema aya iliteremka kwa ajili yangu hasa lakini ni yenu nyote. Sahaba hakuona haya kulitaja. Sisi tunanong'ona kana kwamba mtu kaiba.

Nadhani kinachotutia haya ni ile dhana kwamba chawa ni uchafu. Siyo. Chawa haruki wala hana mbawa, anatambaa tu, kutoka kichwa kilichogusana na kichwa, na mara chache zaidi kwa kichana, ushungi au taulo la kushirikiana. Anakula damu, hajali kama umeoga. Nywele za singa anakaa, za kipilipili anakaa. Halafu kuna hili ambalo wasusi wengi hawalijui: mtu anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuanza kuwashwa. Yaani anakuja kwako hajui chochote. Ukimpigia kelele umemhukumu kwa jambo analolisikia kutoka kwako.

Na sisi wenyewe tuna maisha ya vichwa kugusana, alhamdulillah, na nisingependa yaondoke. Watoto chuoni wanainamia juzuu moja wawili watatu. Ndugu watatu kitanda kimoja. Na nyumba ya harusi ndiyo usiseme: wageni wametoka Pemba, wametoka Dar es Salaam, wametoka Maskati, wasichana wote wamelazwa chumba kimoja kwenye mikeka na magodoro, wanacheka mpaka alfajiri, wanaazimana mitandio, kichana ni kimoja kinazunguka. Akiwepo mmoja mwenye chawa, wiki ya harusi inamtosha kugawa. Halafu wote hao Alhamisi wanakuja saluni.

Sasa nieleze tunavyofanya kwangu, sio kwamba ndio bora, ila mtu akisema "msifanye hivi" lazima aseme ufanye vipi.

Msusi akiona, anasimamisha mkono. Anasema maneno haya haya siku zote: "Dada, njoo ndani kidogo nikuoneshe kitu." Maneno hayo tunayatumia hata kumwita mteja kujaribu nguo, kwa hiyo hayana harufu. Ndani kuna chumba cha kupimia chenye kioo na komeo. Pale ndipo anapoambiwa, yeye peke yake, hata kama kaja na wifi au shoga yake. Akiwa mtoto, anaambiwa mama yake. Anaoneshwa, kwa sababu mtu anayo haki ya kuona kwa macho yake, na pia kwa sababu sio kila cheupe ni yai. Mba unapukutika ukiugusa. Yai limegandia kwenye unywele, karibu na ngozi, halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Kisha anajifunga ushungi wake mwenyewe na anaondoka kama mtu mwingine yeyote. Wanaobaki wakiuliza, atarudi siku nyingine. Na ni kweli, atarudi, tunampa siku hapo hapo.

Hatumtozi. Akiwa ametoa arbuni, inabaki kuwa ya siku atakayorudi, na akiitaka anarejeshewa. Hapa wenzangu wenye saluni wataniuliza, na hela? Jamani, mie pia nalipa kodi ya pango, naijua Alhamisi ya Mfungo Mosi ilivyo. Kiti kimekaa kitupu saa moja, kinauma. Lakini pesa ya kazi ambayo haikupaswa kufanywa siijui naila kwa jina gani. Na katika wale tuliowaambia chumbani, wengi wamerudi, baadhi yao na dada zao.

Vichana ndio penye kazi kubwa, na hapa saluni nyingi zinalala. Kuna mahali utakuta dazeni ya wateja na vichana viwili. Kichana kilichotumika kinatolewa nywele zilizonasa, kinaoshwa kwa sabuni, kisha kinalowekwa kwenye maji ya moto ya digrii 55 au zaidi kwa dakika 10. Mkono hauwezi kuyavumilia maji hayo. Yanayotokota kabisa yanapinda plastiki, yaache yapoe kidogo. Taulo moja kwa mtu mmoja, na kitambaa cha shingoni vivyo hivyo. Hilo lifanyike kwa kila mteja, uone chawa usione, kwa sababu usiyemwona ndiye anayepita. Lakini msipulizie dawa ya mende chumba kizima na kuwatoa watu mbio. Chawa aliyetoka kichwani hamalizi siku mbili, anakufa kwa kukosa damu. Futeni kiti, fagieni sakafu, inatosha.

Kama saluni iwatibu wateja chawa papo hapo? Mie nasema hapana, labda wawe na chumba chake na mtu aliyefundishwa. Nimesikia wasusi wanasema "tutampaka dawa ya kulainisha nywele, itawaua." Mayai haimalizi, na ngozi iliyochubuliwa na kucha ikiguswa na dawa ile inaungua. Mafuta ya taa ndiyo kabisa msiyaguse. Yanachoma ngozi, yanashika moto, na nyumba ya harusi haikosi chetezo cha udi chenye makaa. Biharusi anafukizwa nywele zake huku kichwa kinanuka mafuta ya taa! Allah atuepushe. Sumu za kupulizia mashambani na za mbu nazo si za kichwa cha mtu.

Njia salama ipo na haina makubwa. Nenda duka la dawa umuulize mfamasia dawa ya chawa wa kichwani. Inayotumika sana ni permethrini ya asilimia 1. Inapakwa kwenye nywele zilizooshwa zikakaushwa kwa taulo, inakaa dakika 10, inasuuzwa. Inarudiwa kama siku ya 9, kwa sababu mayai hayafi yote mara ya kwanza, na waliozaliwa katikati ndio unaowafuata. Wengi wanapaka mara moja, wanaona kimya, halafu baada ya wiki mbili wanasema dawa ni feki. Mwenye mimba, anayenyonyesha au mwenye mtoto mchanga aulize kwanza. Asiyetaka dawa ataloweka nywele, apake kondishena nyingi, azifumue kwa chanuo la meno mapana, kisha apitishe kitana cha meno yaliyobanana fungu kwa fungu kuanzia kwenye ngozi, akifuta kitana kwenye kitambaa cheupe kila mara. Siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Kwa nywele zetu nzito ni kazi ya saa nzima, mtafute dada au mama akusaidie. Kukata nywele si lazima. Na wote mnaolala nao chumba kimoja muangaliane, atakayekutwa nao atibiwe siku moja na wewe.

Wateja nao nina neno nao. Ukijua unao, usije ukategemea hatutaona. Tutaona. Piga simu, sema "nahitaji wiki mbili", hakuna atakayekuuliza sababu. Tena wako wanaokuja wakiwa wamesukwa mahali pengine ili tufumue sisi, na wanajua fika wanacholeta. Hiyo ni dhulma kwa msichana wa kazi anayerudi kwake kulala na mwanawe.

Kuhusu shela na mataji ya kukodi, nizungumze kama fundi. Nguo ikirudi haitoki tena mpaka ioshwe na itundikwe siku tatu. Na kila biharusi namshonea kikofia cha ndani cha pamba, kutokana na vipande vinavyobaki, kinachokaa baina ya nywele zake na shela langu. Kikofia ni chake, anaondoka nacho. Hakinigharimu kitu zaidi ya uzi, na wengi wanadhani ni pambo tu.

Sasa maharusi, na hili ndilo nililotaka kulifikia. Somo anamuweka mtoto ndani, anamsinga kwa singo na liwa, anamkagua mpaka kucha za miguu. Kichwa hakikagui! Anasubiri msusi aone, siku moja kabla ya harusi, wakati hakuna tena la kufanya isipokuwa kulia. Akikutwa siku hiyo, ushauri wangu ni asisukwe. Atiwe dawa jioni ile ile, apitishwe kitana, nywele zibanwe mtindo mwepesi kwa vichana vyake mwenyewe, na siku ya 9 arudie hata kama yumo fungateni. Bwana harusi naye aambiwe. Najua mtaguna. Lakini mto ni mmoja, naye ataangaliwa kichwa kama wengine. Qur'ani imewaita mume na mke nguo ya mwenzake, na fundi anajua kwamba nguo ikiwa na kitu ndani yake, anayewashwa ni aliyeivaa.

Ila haina haja kufika huko. Mama wa biharusi, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya nikahi. Wiki tatu kabla, mchana, mketi mlangoni penye mwanga, wewe au somo, na kitana cha meno ya kubana, biharusi na wadogo zake wote wanaolala naye. Mkikuta kitu, dawa ya kwanza siku hiyo na ya pili siku ya 9, bado mtabakiwa na siku 10 na zaidi kabla ya hina. Wageni wakiingia, kila mtu na kichana chake. Na saluni mnayotaka kumpeleka, nendeni siku moja bila ahadi mkaangalie vichana vinalowekwa wapi.